Mraba wa Kotmiri

Vibarua walifika ngazi ya mwisho, mabeleshi mabegani, wakamkuta Inspekta Radhia ameuziba mlango wa paa kwa mikono miwili kama mama wa nyumba aliyeona mbuzi wa jirani anataka kuingia jikoni.

"Rudini chini," aliwaambia.

"Tumetumwa na Bwana Mahmood, bibi. Kasema udongo wote uwe umeshuka kabla ya alasiri."

"Na mimi nasema hapana beleshi litakalogusa udongo huu. Mwambieni aje mwenyewe."

Wakageuka bila kinyongo. Jua la kaskazi lilikuwa limeshaanza kuchoma, na hakuna kati yao aliyekuwa na hamu ya kushusha bustani nzima kwa karai, ghorofa tatu.

Koplo Katana alingoja hadi nyayo zao ziishe ngazini. "Afande Mramba alisema jalada lifungwe leo," alinong'ona. "Kesho asubuhi mama yule asomewe shtaka la mauaji."

"Nilimsikia."

"Sasa tunafanya nini juu ya paa?"

"Tunatazama mboga, Katana. Hebu nipe simu yako, ile yenye picha za Jumamosi."

Jalada lenyewe lilikuwa jepesi kumezeka. Mzee Farjallah, mwenye jengo hili katikati ya Malindi, alikutwa Jumamosi alfajiri amelala kifudifudi katika bustani iliyo juu ya paa lake, kisogo kimepasuka. Aliyemkuta na kupiga ukelele ni Mbeyu, mama wa Kakuyuni aliyeitunza bustani hiyo pamoja na kikundi chake cha wanawake. Daktari aliukuta mwili umekakamaa na haujaanza kuharibika, akasema mzee aliuawa usiku uleule wa kuamkia Jumamosi. Ufunguo wa paa walikuwa nao marehemu na Mbeyu, basi. Tena Alhamisi alasiri Mbeyu alisikiwa na jirani akimfokea mzee: "Hufukui kitu hapa!" Tangu siku hiyo mzee hakuonekana. Mpwa wake Mahmood, msimamizi wa jengo, alisema mjomba alikwenda Lamu kuzuru jamaa, na huenda alirudi Ijumaa usiku akapanda moja kwa moja kwenye bustani yake. Mahmood mwenyewe usiku huo alikuwa harusini Mombasa, kaonwa na ukumbi mzima hadi usiku wa manane, akaingia Malindi alfajiri.

Jalada lililonyooka namna hiyo Radhia aliliogopa. Kazi ya upelelezi ilikuwa imemfundisha kwamba watu hawanyooki hivyo, hata wakifa.

Alitembea baina ya vitalu. Udongo ulikuwa na kina cha kiganja na nusu tu juu ya simiti, na kaskazi ilikuwa imeuchapa vibaya. Mchicha ulikuwa umelegea. Kotmiri ilikuwa imekimbilia maua kabla ya wakati wake, ikakauka, ikabaki vijiti vya kahawia. Ila pembe ya mashariki. Pale palikuwa na mraba wa kotmiri ya kijani, majani mapana, inanukia hata kabla ya kuguswa. Mpaka wake ulinyooka kama uliopigwa kamba. Huku vijiti, huku majani.

Radhia alichuchumaa, akalinganisha na picha za simuni. Jumamosi majani ya mraba ule yalikuwa yamesimama wima. Leo, Jumatano, nayo yalikuwa yameanza kuinama, na kingo zake zimepiga manjano.

"Labda ni bomba linalovuja," Katana alisema.

Radhia alibana udongo wa ndani ya mraba, akabana wa nje. Unyevu uleule. Akautafuta mfereji: ulipita upande wa magharibi, mbali na pale.

"Si bomba. Nenda garini, lete ile kamba ndefu. Tupime mraba huu, urefu na upana."

Walikuwa wakifunga fundo la mwisho Mahmood alipotokea, kanzu imepigwa pasi, manukato yamemtangulia. Alikuwa mtu wa miaka arubaini na kitu, mpole wa sauti, mwenye desturi ya kutabasamu kabla hajaambiwa neno.

"Salaam aleikum, dada Radhia. Mbona wanirudishia vibarua wangu?"

"Waaleikum salaam. Mbona wataka kuondoa mahali alipofia mjomba wako kabla hata ya kesi?"

"Nyumba yote yalia kila ikiangalia juu. Shangazi hali, halali. Ndiyo nikasema tuondoe huu udongo tupumue." Tabasamu likarudi. "Wewe ni mtoto wa mtaa wetu wa Shela. Wajua machungu ya watu wako."

"Kwa kuwa ni watu wangu ndiyo maana nawauliza. Hii kotmiri hapa imenawirije, na nyingine imekufa?"

Mahmood aliitazama kama anayeiona kwa mara ya kwanza. "Mbeyu huyo. Kamwaga mbolea ya mbuzi hapo, gunia kwa gunia. Mama wa shamba, hana kipimo."

"Chini ya hapa pana nini?"

"Chumba cha viti vibovu. Chakaa tu. Hakijafunguliwa tangu Ramadhani." Akapiga udongo kwa ncha ya kiatu, kwa majivuno ya mwenye mali. "Lakini uzuri wa paa hili, dada yangu, ni kuwa udongo ni blanketi. Joto halishuki, baridi haipandi. Vyumba vyote vya chini ni raha mustarehe."

Radhia alianza kukunja kamba. Joto kutoshuka alilielewa. Kila mwenye jengo Malindi anataka joto lisishuke. Hilo la pili alilitia akilini akaendelea kukunja kamba yake.

"Vibarua wasirudi hapa mpaka niseme," alisema. "Akirudi mmoja, namweka ndani yeye na aliyemtuma."

Tabasamu la Mahmood lilibaki mahali pake, ila macho yaliondoka. Alishuka huku ameshika simu sikioni, na kabla Radhia hajafika garini, yake ikalia.

"Radhia, uko wapi?" Alikuwa Afande Mramba, mkuu wa kituo.

"Kazini, afande."

"Kazi yako iko hapa mezani kwangu, yangoja sahihi. Familia imenipigia simu inalalamika."

"Sahihi yangu siiweki, afande. Bado."

"Bado nini? Kesho hakimu atauliza."

"Kesho haijafika," Radhia alisema, akakata simu kabla ya kuambiwa jambo ambalo angelazimika kulitii.

* * *

Mbeyu alikuwa ameketi sakafuni mwa seli ya wanawake, mgongo ukutani, leso yake ameifunga kifuani. Alikuwa mama mnene wa miaka hamsini na zaidi, mwenye mikono mipana iliyopasuka kwa kazi. Hakuinuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama umekuja na ile karatasi yenu, rudi nayo. Nishasema sitii kidole."

"Sina karatasi. Nimekuja kuuliza habari za kotmiri."

"Za nini?"

"Dania."

Hapo Mbeyu akageuza uso. "Dania yangu imefanya nini?"

"Yafa."

"Yote?"

"Ile ya pembeni ndiyo yaanza sasa. Nieleze kwa nini haikufa pamoja na nyingine."

Mbeyu aliguna. Yaonekana tangu akamatwe hilo lilikuwa swali la kwanza lenye maana kuulizwa. "Mimi nilipanda kitalu chote siku moja. Mbegu moja, mbolea moja, maji kopo kwa kopo. Jua likaja, udongo ukawa wa kuchoma kidole, dania ikatoa maua, ikafa. Ile ya pembeni ikakataa. Nikasema, haya, Mulungu amenipa. Nikadhani ni mbolea ya mbuzi wangu imekolea pale."

"Ulimwaga zaidi pale?"

"Nani kasema? Nimekwambia sawasawa! Nilidhani tu imekolea." Alijifunga leso upya kwa hasira. "Nikamwita mzee aje aone. Nilikuwa najisifu, sikatai. Akachuchumaa, akatia kidole. Akatia mkono mzima mpaka ukagonga simiti. Akasema, 'Mbeyu, huku chini kuna baridi.' Akataka jembe afukue. Nikamwambia hufukui kitu hapa, hizi ni mboga za kikundi! Nilipiga kelele, ndiyo. Mimi nikitetea mboga napiga kelele. Hata mume wangu alikuwa ajua."

"Ilikuwa siku gani hiyo?"

"Alhamisi, alasiri. Akacheka, mzee wa watu. Akasema, 'Basi usilie, nitakwenda kuangalia kwa chini.' Akashuka. Sikumwona tena akiwa na pumzi."

Radhia alimsogelea. "Mama, maneno haya mbona hukuyasema?"

"Nilisema! Yule kijana wenu aliandika 'walizozana kuhusu dania.' Nikamwambia andika yote, akasema yatosha." Mbeyu alimkazia macho. "Mimi nina wajukuu Kakuyuni. Mkitaka kunifunga, nifungeni kwa nguvu zenu. Kwa kidole changu hamnifungi."

Radhia aliona haya, na haya hiyo ikageuka hasira, na hasira alijua namna ya kuitumia. Akatoka nje, akampigia Linet.

* * *

Linet alikuwa mtafiti wa kilimo kule Kilifi, na bustani za juu ya majengo ndizo zilizokuwa kazi yake. Alifika na mkoba wa vipimajoto, vile vya fimbo vyenye kioo cha tarakimu juu, akauzunguka mraba akitikisa kichwa.

"Kwa kawaida paa moja huwa na joto moja," alisema. "Mizizi ya dania haistahimili udongo wa moto. Ukipita kiwango, mmea hukata tamaa, hutoa maua haraka uache mbegu. Hapa pamekuwa na baridi kwa wiki nyingi, la sivyo isingefika kimo hiki. Mimi ningesema bomba."

"Si bomba. Nipimie sasa. Fimbo moja ndani, moja nje. Zizamishe mpaka zigonge simiti."

Mahmood alikuwa amepanda tena, safari hii na ufunguo wa chumba cha chini mkononi. Alikuwa ameutoa mwenyewe, kwa ukarimu wa kutia shaka. Alisogea wasome pamoja.

Thelathini na nne ndani. Thelathini na nne nje.

"Sawa kwa sawa!" Mahmood alicheka kwa sauti. "Haya, Inspekta. Udongo wakupa jibu. Niite vibarua?"

Katana aliinamisha kichwa. Linet naye alianza kufuta fimbo zake.

"Ziache hapohapo," Radhia alisema. "Bwana Mahmood, asante. Nilitaka iwe sawa."

"Ati nini?"

"Udongo mmoja, maji mamoja, jua moja, na leo joto moja. Basi kilichoifanya kotmiri hii iishi hakikuwa huku juu. Kilikuwa chini, na hakipo tena. Twende tukaone viti vyako vibovu."

Chumba kilinuka sabuni ya dawa. Viti kweli vilikuwapo, vimepangwa kwa haraka, vumbi juu ya viti na sakafu inang'aa. Kuta zilikuwa zimevikwa maboksi meupe ya kuzuia joto, yale ya kuwekea samaki, yamegandishwa kwa gundi toka chini hadi juu. Ila dari. Dari ilikuwa simiti tupu. Ukutani kulikuwa na mashine kubwa ya baridi, na kwenye pembe rafu ya wavu wa chuma, ndefu ya mtu kulala.

Katana alinyoosha kamba sakafuni. Fundo la kwanza likafika ukuta, fundo la pili likafika ukuta wa pili. Vipimo vilevile vya mraba wa paani.

"Hiki kilikuwa chumba cha samaki, zamani," Mahmood alisema. "Mpangaji aliondoka. Mashine imekufa tangu Ramadhani."

Radhia alifungua dirisha akachungulia nje. Mrija wa kumwaga maji ya mashine ulitokeza ukutani, na chini yake ukuta ulikuwa na mstari wa ukungu wa kijani, bado laini.

"Mashine iliyokufa tangu Ramadhani haikojoi kaskazi," alisema. "Katana, chomeka."

Katana akachomeka waya. Mashine ikakohoa, ikanguruma, ikaanza kumwaga baridi kama iliyokuwa imelala usingizi wa mchana tu.

"Alhamdulillahi," Mahmood alisema taratibu. "Imefufuka."

"Iachwe hivyohivyo hadi alasiri. Katana, keti mlangoni. Akija mtu kuizima, mfunge pingu kwanza, jina utamuuliza baadaye."

* * *

Kulikuwa na mtu mmoja aliyemgusa Mzee Farjallah kwa muda mrefu kuliko daktari. Familia ilikuwa imeharakisha mazishi, kama dini inavyotaka. Daktari alipewa muda mchache wa kutazama, na adhuhuri ya Jumamosi mzee alikuwa kaburini. Kufukua kulihitaji amri ya mahakama, na familia ingepinga hadi mwisho. Lakini kabla ya kaburi kuna josho la maiti.

Maalim Shee, aliyewaosha wanaume wa Shela kwa umri wake wote, alikuwa barazani kwake akishona kofia. Radhia alimwamkia, akaketi chini mbele yake, akasubiri aulizwe hali ya mamake na ya dada zake mpaka ziishe.

"Maalim, nimekuja kwa ajili ya Mzee Farjallah."

Sindano ikasimama. "Mwanangu, wewe umezaliwa mtaa huu. Mwosha haelezi alichokiona. Akiona nuru atasema, akiona aibu ataifukia pamoja na maiti."

"Nalijua hilo. Sikuja kuuliza aibu."

"Basi waniuliza nini?"

"Maji. Ulimwosha kwa maji gani?"

Mzee alifikiri kama swali hilo lina mtego. "Ya uvuguvugu. Nilichemsha, yakapoa mwilini, nikachemsha tena." Alivitazama vidole vyake. "Mikono yangu iliingiwa na ganzi. Nimeosha waliotoka baharini, nimeosha waliotoka hospitali. Maiti wa paani, wa kaskazi, sijapata kumwona baridi hivyo. Watu walisema ni upepo wa alfajiri."

"Na wewe ulisema nini?"

"Sikusema. Si kazi yangu."

"Lipo jingine, maalim. Naliona usoni mwako."

"Lipo. Nalo nitalibeba."

Radhia alivuta pumzi. Alikuwa amefundishwa tangu utotoni asimjibu mzee, na sasa ilimbidi amjibu. "Uniwie radhi, maalim. Sitiri ni ya aibu ya maiti. Mtu akidhulumiwa, ile alama ya dhulma si aibu yake, ni ya aliyemdhulumu. Ukiifunika wamsitiri nani? Na kuna mama wa watu yuko ndani, kesho wampachika damu ambayo hakuimwaga."

"Yule Mgiriama wa bustani?"

"Yeye."

"Alikuwa akituletea mchicha madrasa." Maalim Shee aliiweka kofia pajani. "La kuvunda halina ubani. Mgongo wake, mwanangu. Mgongo mzima na mapaja vilikuwa na damu iliyotuama, nyeusi, na ndani ya weusi ule mistari myeupe, imekatana. Kama aliyelazwa juu ya wavu."

"Alikutwa kifudifudi, maalim. Kifua na tumbo?"

"Vyeupe. Na nikiitwa mahakamani nitasema, waache wanichukie. Nimeishi vya kutosha kuchukiwa."

* * *

Aliporudi, paa lilikuwa limejaa. Afande Mramba alikuwa amesimama katikati ya vitalu, kofia kwapani, shingo imevimba. Mahmood alikuwa nyuma yake.

"Inspekta! Nimeambiwa umewasha mashine za watu, umefukuza vibarua wa watu, umewatishia wafiwa. Kwa sababu ya mboga!"

"Ndiyo, afande."

"Ndiyo?"

"Kwa sababu ya mboga. Tafadhali, Linet, soma."

Linet alikuwa amepiga magoti kwenye udongo na hakuwa na habari na vyeo vya mtu. "Nje imepanda, thelathini na saba," alisema. "Ndani ishirini na tisa. Na yazidi kushuka."

"Vyombo huharibika," Mahmood alisema.

"Basi tusitumie vyombo. Afande, kwa hisani yako, chuchumaa. Tia mkono hapa mpaka uguse simiti."

Mramba alimtazama Radhia kwa jicho la kumla mtu, lakini alikuwa mtoto wa wakulima wa Sabaki kabla hajawa mkuu wa kituo, na udongo haukumwogopesha. Akakunja mkono wa shati. Akachimba nje ya mraba, akautoa mkono upesi, akapulizia vidole. Akachimba ndani. Safari hii aliuacha mkono ukae.

"Kuna baridi," alisema, na sauti yake haikuwa tena ya kufoka.

"Hayo ndiyo maneno aliyoyasema Mzee Farjallah Alhamisi alasiri, mkono wake ukiwa hapohapo. Mbeyu aliyasikia. Mzee akasema atakwenda kuangalia kwa chini. Akashuka, akakuta chumba cha samaki katika jengo lake mwenyewe, chumba alichoambiwa kina viti."

"Samaki si haramu," Mahmood alisema.

"Wa halali hawafichwi nyuma ya viti. Kilichokuwamo umekisafisha, lakini mfereji wa maji machafu haujui kuoga. Katana ametoa humo vipande vya gamba la kasa. Kasa ni marufuku, na mjomba wako ndiye aliyekuwa akiwachangia wale wanaowalinda kule Kuruwitu. Asingekuacha ulale na siri hiyo hata usiku mmoja."

"Wabuni hadithi. Mjomba aliuawa Ijumaa usiku, daktari kasema. Mimi nilikuwa Mombasa. Waulize watu mia!"

"Sina haja nao. Walisema kweli. Ulimuua mzee Alhamisi, ukamlaza juu ya ile rafu ya wavu, katika baridi, siku nzima ya Ijumaa wewe ukila pilau. Baridi ikamshika asiharibike. Uliporudi alfajiri ukampandisha hapa kwa ufunguo wake mwenyewe, ukamlaza kifudifudi kabla Mbeyu hajafika kumwagilia. Kisha ukazima mashine uoshe chumba. Jumamosi. Ndiyo maana kotmiri imeanza kufa."

Alimsogelea.

"Maalim Shee aliona mistari ya wavu mgongoni mwa mtu aliyekutwa amelala kifudifudi. Atasema mahakamani."

Jina hilo ndilo lililompiga Mahmood. Mwosha kusema! Hesabu zake zote alizipiga juu ya kwamba mwosha hasemi.

"Ulipamba kuta nne kwa maboksi," Radhia aliendelea, "ukaiacha dari. Nilijiuliza kwa nini, mtu mwangalifu hivyo. Ukanijibu mwenyewe asubuhi. Joto halishuki, baridi haipandi. Ulijua bustani ni blanketi, ukaitegemea ikufunike."

"Utanipeleka mahakamani na kotmiri?" Mahmood alijaribu kucheka. "Watakucheka mpaka Nairobi."

"Wacheke. Nitasimama nao mpaka wachoke."

Mramba aliinuka, udongo hadi juu ya kifundo cha mkono. Hakumtazama Radhia, alimtazama Katana. "Pingu," alisema. Halafu akaongeza: "Yule mama ataachiliwa kesho, karatasi zikishakamilika."

"Leo, afande."

"Inspekta..."

"Leo. Alilala sakafuni kwa sababu tuliandika nusu ya maneno yake. Sitamlaza tena kwa sababu ya nusu nyingine."

Mramba alipangusa mkono wake kwa leso ya mfukoni, kidole kwa kidole. "Mtoe mama yule, umpeleke kwa gari langu," alisema mwishowe.

* * *

Kituoni walitaka kumtoa Mbeyu kwa mlango wa nyuma, asije akapigwa picha. Alikataa. Aliingia kwa mlango wa mbele, akatoka kwa mlango wa mbele, polepole, na kila aliyetaka kumwona akamwona. Wala hakutaka kupelekwa Kakuyuni kwanza. Alitaka bustani.

Alipofika juu ya paa hakumshukuru mtu. Alisimama akahesabu hasara kwa macho. Vitalu vilikuwa vimekanyagwa na askari, mchicha umelala, mashimo ya mikono kila mahali.

"Mmenikanyagia," alisema.

"Tumekukanyagia, mama. Uniwie radhi."

Mbeyu aliinama kwenye mraba, akagusa majani yaliyoinama. Katana alikuwa ameizima mashine na kukifunga chumba kwa lakiri. Chini kulikuwa kimya.

"Huku ndiko alikolala mzee? Chini ya dania yangu?"

"Huko."

Mbeyu alishika shina moja kama wa kuling'oa, na Radhia akamshika mkono.

"Usiing'oe. Ni ushahidi. Hakimu atapandishwa hapa aione kwa macho yake, na sijui atakuja lini. Bila ile baridi, nahofia haitamngoja."

Mbeyu alimtazama yeye, akatazama jua lililokuwa bado kali upande wa magharibi. Kisha akafungua leso kifuani, akabaki na gauni lake la ndani lililochakaa, mabega wazi mbele ya askari, wala hakujali. Akachomeka vijiti vinne kwenye pembe za mraba, akatandaza leso juu yake, akafunga ncha moja baada ya nyingine kwa fundo la kukaza.

"Itamngoja," alisema, akachukua kopo lake akashuka kutafuta maji.